Programu ya Picha Inapovuruga Kioo: Uzime Kadi ya Grafiki, Ubadilishe Dreva au Upige Windows Upya?

Usiku mmoja nikiwa nyumbani Nyakato, Mwanza, namalizia mwaliko wa harusi, shela ya bibi harusi ilikatika vipande mbele ya macho yangu. Kila nilipoisogeza picha ndani ya Photoshop, nyuma yake ilibaki miraba midogo myeusi na myeupe iliyopangana kama ubao wa drafti, na nilipoivuta karibu ili niutazame uso, nusu ya uso ilikuja na nusu nyingine ikabaki palepale ilipokuwa. Mwaliko ulitakiwa uchapishwe asubuhi. Nililihifadhi faili, nikalituma kwenye simu, nikalifungua: shela nzima, uso mzima, hakuna mraba hata mmoja. Hapo nikaelewa kwamba picha yenyewe haikuwa na kasoro yoyote, bali kasoro ilikuwa katika njia inayoitoa picha kwenye programu na kuifikisha kwenye kioo.

Fundi niliyempelekea mashine kesho yake aliitazama kwa dakika mbili tu, akasema, "Dada, hii dawa yake ni kupiga Windows mpya." Nikakubali. Nilirudishiwa kompyuta isiyo na fonti zangu, isiyo na brashi zangu, isiyo na mpangilio nilioujenga kwa miaka kadhaa, na wiki haikuisha miraba ikarudi. Tangu siku hiyo nimelishughulikia tatizo hili kwenye mashine yangu na za wenzangu wanaotengeneza picha na mialiko majumbani kwao, kuanzia Igoma hadi Kirumba, na nimeona kwamba wengi wetu huanza na dawa kali kuliko zote, tukaiacha ile nyepesi ambayo ndiyo ingetuonyesha ugonjwa uko wapi. Ndiyo maana naziweka njia hizi bega kwa bega, nikieleza kila moja inatibu nini, inagharimu nini na inakunyima nini.

Pima kwanza

Bonyeza kitufe cha Print Screen wakati kasoro ikionekana, hifadhi picha hiyo ya kioo, kisha itazame kwenye simu, si kwenye kompyuta ileile. Kasoro ikionekana na kwenye simu, basi inazaliwa ndani ya mashine: kwenye programu, kwenye kadi ya grafiki (kifaa kinachochora picha kwenye kioo) au kwenye dreva (programu ndogo inayoiendesha kadi hiyo). Isipoonekana, mshukiwa ni kioo chenyewe, waya wa HDMI uliolegea, au mpangilio fulani unaobadilisha mwanga baada ya picha kuwa tayari imeshachorwa. Kipimo hiki hakidai hata shilingi, na peke yake kinaweza kukuokoa usinunue kioo kipya bila sababu.

Kipimo cha pili ni kuzima kompyuta, kuiwasha, na kuutazama mwanzo kwa makini. Mistari au madoa yakijitokeza wakati nembo ya mtengenezaji bado iko kwenye kioo, kabla Windows haijaanza kupakia, hakuna programu wala dreva itakayokusaidia; hapo tatizo ni la chuma, yaani kifaa chenyewe. Yakianza tu baada ya Photoshop kufunguka, una matumaini makubwa ya kumaliza kazi nyumbani bila kutoa hela.

Niseme pia kwamba si kila unachokiona ni kasoro. Mistari myembamba inayoonekana kama ngazi au nyuzi zinazometameta pale unapoitazama picha kwa asilimia 33 au 66 mara nyingi ni matokeo ya kuipunguza picha ili ienee kwenye kioo. Itazame kwa asilimia 100. Ikipotea, endelea na kazi yako.

Kuzima kadi ya grafiki na kubadilisha dreva

Hizi ndizo njia mbili zinazostahili kulinganishwa kwa kina, kwa sababu idadi kubwa ya kasoro za aina ya miraba, vipande, turubai (eneo la picha unalofanyia kazi) nyeusi na kumetameta hutibiwa na mojawapo. Tangu Photoshop CS4 iliyotoka mwaka 2008, programu hii huikabidhi kadi ya grafiki kazi ya kuchora kile unachokiona unapovuta picha karibu, unapoisogeza au unapoizungusha turubai. Kwenye kompyuta mpakato nyingi kadi hiyo si kadi hasa, ni chipu iliyomo ndani ya prosesa. Programu haizungumzi nayo moja kwa moja; amri zake zote hupitia kwa dreva. Dreva ikikosea kuzitafsiri amri hizo, picha inabaki salama ndani ya faili lakini kioo kinaonyesha uongo.

Kuzima maana yake ni kuiambia programu iache kuitumia kadi, kazi yote ya kuchora ifanywe na prosesa kuu. Kwenye Photoshop unaingia Edit, kisha Preferences, kisha Performance, unaondoa tiki kwenye maneno Use Graphics Processor, halafu unaifunga programu na kuifungua upya. Ni kazi ya dakika moja, haili bando, haihitaji fundi, na unaweza kuibatilisha wakati wowote. Laiti ningalijua hili usiku ule, mwaliko ungepelekwa kwa mchapaji asubuhi kama nilivyoahidi.

Hata hivyo, njia hii ina gharama yake. Ukiizima kadi, zana ya kuzungusha turubai haifanyi kazi, kuvuta picha karibu kunakwenda kwa mirukoruko badala ya kuteleza, kichujio cha Oil Paint kinakataa, na Camera Raw, sehemu ya kufungulia picha ghafi za kamera, inakuwa nzito. Kwa mtu anayetengeneza picha za pasipoti, mialiko na mabango madogo, hasara hiyo ni ndogo na anaweza kuishi nayo kwa wiki kadhaa bila kusumbuka. Kwa mpiga picha anayerudi na picha mia nne za harusi zilizopigwa kwa RAW, yaani picha ghafi hizo, au kwa mchoraji anayetumia kalamu ya kidijitali, ni hasara ya saa nyingi kila siku, na simshauri aigeuze kuwa makazi yake ya kudumu. Matoleo ya zamani kidogo ya Photoshop yana njia ya katikati: chini ya kitufe cha Advanced Settings kuna namna za uchoraji, na ukichagua Basic, kadi inaendelea kutumika lakini kwa kazi chache zaidi. Ijaribu hiyo kabla ya kuondoa tiki kabisa.

Kubadilisha dreva ndiyo tiba halisi, kwa maana inarekebisha pale palipoharibika badala ya kupakwepa. Lakini neno "kubadilisha" lina pande mbili, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanadhani dawa ni dreva mpya siku zote. Ikiwa kasoro ilianza baada ya Windows kujisasisha yenyewe, dawa ni kurudi nyuma. Fungua Device Manager, tafuta Display adapters, bofya kulia jina la kadi, ingia Properties, na kwenye ukurasa wa Driver ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna dreva ya zamani iliyohifadhiwa na itakubidi uitafute mwenyewe. Kwa upande mwingine, ukikuta jina la kadi limeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, mashine yako haina dreva yake hasa, inatumia ile ya dharura, na hapo ndipo pa kusonga mbele na kuweka iliyo sahihi.

Baadaye niligundua kwamba miraba yangu ilitokana na hali ya kwanza. Windows mpya ya fundi ilipounganishwa na intaneti, iliishusha dreva ileile yenye kasoro, na mimi nikawa nimelipia safari ya kuzunguka na kurudi nilikotoka.

Swali linalofuata ni dreva itoke wapi. Kwa kompyuta mpakato, anzia kwa mtengenezaji wa mashine yenyewe, ukitumia namba ya modeli iliyobandikwa chini yake, kwa sababu watengenezaji hao mara nyingi huirekebisha dreva iendane na kioo na mfumo wa umeme wa mashine yao. Kwa kompyuta ya mezani yenye kadi ya kuchomeka, nenda moja kwa moja kwa NVIDIA, AMD au Intel. NVIDIA ina mikondo miwili ya dreva tangu mwaka 2019, mmoja wa wacheza gemu na mwingine unaoitwa Studio. Anayefanya kazi ya picha achague Studio, kwa kuwa ndio unaojaribiwa kwa kuzingatia programu kama hizi zetu. Wenye mashine za mtumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 10, ambazo zimejaa mjini hapa, wajue kwamba mwaka 2022 Intel ilizihamishia chipu za grafiki za prosesa hizo kwenye kundi la bidhaa kongwe ambazo hazipati tena masasisho ya kila mwezi. Kwao kusubiri toleo jipya lije kuponya ni kusubiri meli iliyokwisha ng'oa nanga, kwa hiyo watafute toleo la nyuma lililokuwa likifanya kazi vizuri wabaki nalo.

Gharama ya njia hii ni bando na umeme. Mafurushi ya dreva ni mamia ya megabaiti, na mtu aliyeko Ukerewe au Sengerema anayetegemea bando la simu lazima alihesabu hilo kabla hajaanza. Usianze kusakinisha betri ikiwa inaelekea kuisha, wala kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba siku ambayo umeme unakatika na kurudi. Ukikatikiwa katikati, usitaharuki: Windows kwa kawaida itawaka ikitumia dreva yake ya dharura, maandishi yakiwa makubwa na picha pana isivyo kawaida, nawe utaanza upya.

Kwa hiyo, kama kuna kazi inayosubiriwa kesho asubuhi, zima kadi. Kama unataka mashine itulie mwaka mzima, shughulikia dreva. Mimi hufanya yote mawili kwa mpangilio huo, kwa sababu kuzima ni kipimo kizuri zaidi kuliko kilivyo dawa: miraba ikiondoka baada ya kuzima, najua kwamba mkosaji ni dreva au kadi, na bando nitakalotumia halitapotea bure. Miraba isipoondoka, siigusi dreva kabisa. Na dreva ikishakaa sawa, ile tiki irudishwe. Nimekuta wenzangu wawili walioiondoa tiki zamani, wakasahau, wakawa wanalalamika kila siku kwamba kompyuta imezeeka.

Wenye mashine zenye chipu mbili za grafiki, ile ya Intel na nyingine ya NVIDIA au AMD, wana njia moja ya ziada inayostahili kutangulia hata dreva. Kwenye Settings ya Windows, sehemu ya Display na kisha Graphics, unaweza kuilazimisha Photoshop itumie chipu moja tu, ile yenye nguvu. Baadhi ya kasoro huzaliwa pale programu inaporushwa kutoka chipu moja kwenda nyingine kama mpira. Kwa dharura ya papo hapo, ubonyezaji wa pamoja wa Windows, Ctrl, Shift na B huiwasha dreva upya bila kufunga programu. Kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde moja kisha kinarudi. Hifadhi kazi yako kwanza, kwa usalama.

Kurudisha mipangilio ya mwanzo na kupiga Windows upya

Njia hizi mbili hufanana kwa sura, kwa kuwa zote hufuta na kuanza upya, lakini tofauti ya gharama ni kubwa mno. Kurudisha mipangilio ya Photoshop ni kushikilia Ctrl, Alt na Shift wakati programu inafunguka, kisha kukubali. Inatibu paneli zilizopotea, madirisha yanayofunguka nje ya kioo na zana zinazojiendea ovyo. Utapoteza mpangilio wa paneli na njia za mkato ulizojiwekea, hivyo hifadhi kando brashi na vitendo vyako (Actions) kabla hujajaribu.

Kupiga Windows upya kunafuta kila kitu na, kama ilivyonitokea, kunaweza kukurudisha kwenye dreva ileile. Naikubali njia hii pale tu ambapo mashine ina virusi, au mfumo umeharibika kiasi kwamba hata programu nyingine zinaanguka. Fundi akikuambia ndiyo dawa ya kwanza, muulize kwa adabu, "Kaka, umejaribu kurudisha dreva ya zamani?" Jibu lake litakusaidia kuamua kama umwachie mashine.

Rangi ikiwa ya uongo, njia ni nyingine

Mama mmoja mteja wangu alikuja kukaa nami pembeni ya meza tukiupanga mwaliko wa mwanawe, akaitazama picha kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona bwana harusi amekuwa wa njano hivi, au anaumwa?" Nilimjibu kwamba haumwi, ni mwanga wa chumba, nikaongeza buluu kwenye picha mpaka ngozi ikapendeza. Mialiko ilipotoka kwa mchapaji, bwana harusi alikuwa na rangi ya mtu aliyekaa kwenye barafu. Nilirudia uchapishaji kwa fedha yangu, na bado najuta kwamba nilimjibu mama yule haraka badala ya kulichukua swali lake kwa uzito.

Kioo kilikuwa na wasifu wa rangi usio sahihi, yaani lile faili linaloieleza kompyuta jinsi kioo kinavyoonyesha rangi. Photoshop huutii wasifu wa kioo uliowekwa kwenye Windows, ilhali programu nyingi ndogo za kutazamia picha haziujali. Ndiyo maana picha moja inaweza kuwa ya njano ndani ya Photoshop na nyeupe safi kwingineko. Kwa kasoro ya namna hii, kubadilisha dreva mara nyingi ni kupoteza bando. Fungua Color Management ya Windows, ongeza wasifu wa sRGB IEC61966-2.1, uweke kuwa wa kawaida, kisha ufungue Photoshop upya. Wasifu huu ulibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ndio msingi wa rangi za intaneti na vioo vya kawaida, hivyo ni mahali salama pa kuanzia kwa yeyote asiye na kifaa cha kupimia rangi.

Itofautishe hali hiyo na nyingine mbili. Kama kila kitu kwenye kioo ni cha njano, hadi maandishi na menyu, na hali hiyo huja jioni na kuondoka asubuhi, ni mpangilio wa Night light. Uzime unapofanya kazi ya rangi. Na kama mwanga wa picha unapanda na kushuka wenyewe kila unapohama kutoka kwenye gauni jeupe kwenda kwenye suti nyeusi, tena umeme ukiwa umekatika na mashine iko kwenye betri, basi ni mfumo wa Intel wa kubana matumizi ya umeme unaobadilisha taa na utofauti wa kioo kulingana na kilichopo mbele yako. Hauonekani kwenye picha ya Print Screen. Uzime kwenye programu ya Intel ya grafiki, sehemu ya umeme, upande wa betri. Kwetu huku, ambako usiku mmoja unaweza kufanya kazi kwa umeme na betri kwa zamu, kasoro hii hupotosha watu wengi kuliko wanavyodhani.

Kuhamia GIMP au Krita

Wapo wanaoamua kuiacha Photoshop kabisa. GIMP, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu mwaka 1996, huchora turubai yake kwa kutegemea zaidi prosesa kuu, kwa hiyo kasoro nyingi za dreva haziigusi. Naiweka kwenye mashine yangu hata nisipoitumia kila siku, kwa sababu ni kipimo kizuri: picha ikiwa safi ndani ya GIMP na imevurugika ndani ya Photoshop, macho yangu yanakwenda kwenye kadi na dreva mara moja. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeongeza athari zinazoweza kurekebishwa baadaye bila kuharibu picha ya asili. Hata hivyo, mafaili ya Photoshop (PSD) yenye tabaka tata hayafunguki humo yakiwa kamili, na anayebadilishana mafaili na wachapaji wa mjini atakwama mapema.

Krita ni ya wachoraji zaidi kuliko watengenezaji wa picha. Nayo hutumia kadi ya grafiki, lakini ina jambo ninalolipenda: kwenye mipangilio ya Display unaweza kuchagua ichore kwa OpenGL au kwa Direct3D 11 kupitia ANGLE, ambazo ni njia mbili tofauti za programu kuzungumza na kadi, na kwenye chipu za zamani za Intel zinazoonyesha turubai nyeusi, chaguo la pili mara nyingi hurudisha picha bila kupunguza kasi.

Kuna sababu nyingine ya kufikiria kuhama, nayo ni umri wa mashine. Matoleo ya sasa ya Photoshop yanadai kadi inayoelewa DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuiamrisha kadi, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 8. Mashine ya mtumba yenye GB 4 haitapona kwa dreva yoyote. Mwenye mashine hiyo abaki na toleo la zamani la Photoshop analolimiliki kihalali, au aende GIMP.

Kabla ya kununua kadi mpya

Kasoro ikianza baada ya nusu saa ya kazi na kutoweka mashine ikipoa, usikimbilie dukani. Tuliifungua kompyuta mpakato ya jirani yangu anayeishi karibu na mwalo, ambayo kila jioni ilikuwa ikitoa madoa ya zambarau kwenye picha. Nyuma ya feni, kwenye matundu ya kutolea joto, tulikuta blanketi la vumbi lililochanganyika na wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaofuata taa usiku, wamekauka na kushikamana kama unga wa dagaa uliolowa. Hewa haikuwa na pa kupita. Tuliisafisha kwa brashi laini ya rangi, feni ikiwa imeshikiliwa kwa kidole isizunguke, tukabadilisha na ile pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa, na madoa yakakoma. Sasa anafunga dirisha anapowasha taa, na anaifungua mashine kila baada ya miezi minne. Madoa yakibaki hata baada ya usafi huo, na yakionekana tangu kwenye nembo ya mwanzo, hapo kadi imeharibika. Kwenye kompyuta ya mezani inabadilishwa, na kwenye kompyuta mpakato nyingi ubao mzima ndio unaobadilishwa, gharama ambayo kwa mashine ya mtumba hukaribia bei ya mashine nyingine.